Kumi ya Kilio

Kwa miaka tisa kazi yangu ya uuguzi ilikuwa kupima presha ya macho ya watoto, na nilikuwa najivuna. Ninalisema hilo kwanza, maana bila majivuno yale, haya ninayoyasimulia yasingetokea.

Watu wengi wanajua presha ya damu tu. Jicho nalo lina presha yake. Ndani yake kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila siku, na mfereji wa kuyatoa ukiziba, jicho linajaa, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo inakufa polepole. Ndiyo glakoma. Watu wanaijua kwa wazee, lakini watoto pia wanazaliwa nayo. Na kwa kuwa jicho la mtoto mchanga bado ni laini, likijaa linatanuka, basi majirani wanasifia: jamani, mtoto huyu ana macho makubwa mazuri! Nimekutana na akina mama wengi waliofurahia sifa hizo mpaka siku daktari alipowaambia kwamba uzuri ule ulikuwa ugonjwa.

Profesa wetu hospitalini aliongoza utafiti wa njia mbili za kuwapasua watoto hawa, njia ya zamani na njia mpya. Watoto mia moja na arobaini walifuatiliwa kila baada ya miezi sita, kwa miaka mitatu. Mwisho wa yote swali lilikuwa moja: presha ya jicho ni ishirini na moja au chini yake? Ikiwa ndiyo, jicho liliandikwa "limefaulu". Ikizidi, "limefeli". Na kituoni kwetu namba yenyewe ilitoka mkononi mwangu.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye korido, ubavuni mwa stoo ya mashuka. Kilikuwa na kiti kifupi, pazia la kijani, na dirisha lililopakwa rangi nusu ili mwanga usiwaumize watoto. Kifaa nilichotumia ni cha mkononi, mbele kina kisindano butu kinachogusa jicho na kurudi kabla mtu hajapepesa. Hakiumi. Lakini hebu mwambie mtoto hivyo!

Sheria ya kupima ilibandikwa ukutani. Pima mara tatu mtoto akiwa ametulia, andika namba ya katikati. Akilia, subiri nusu saa, kwa sababu kulia kunapandisha presha. Akiendelea kulia, andika "haikupimika", familia irudi ndani ya wiki moja. Basi.

Neno hilo "haikupimika" nililichukia. Kwenye vikao vya kila mwezi Profesa alikuwa akisoma idadi hizo za vituo vyote vya utafiti, na kwetu ilikuwa sifuri mwezi baada ya mwezi. "Mnamwona Sista?" alikuwa akisema, akininyooshea kalamu. "Kwake hakuna mtoto asiyepimika. Huyu ana mkono wa asali." Wenzangu walicheka, nami nikainamisha kichwa kama bibi harusi, huku moyoni nimevimba kama andazi.

Miongoni mwa watoto hao alikuwemo msichana tuliyembandika jina la Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukufungwa. Aliletwa akiwa na miaka minne, macho yake mawili yakapasuliwa kwa njia mpya, na tangu hapo alikuja kwangu kila miezi sita akiwa na habari za mtaa mzima. Kifaa changu alikiita mbu.

"Sista, mbu wako amekula leo?"

"Amekula, ameshiba."

"Basi asiniume sana."

Mama yake alikuwa fundi cherehani, mwanamke mkimya, mwenye futi ya kupimia shingoni hata akiwa hospitali. Baba alifanya kazi mbali. Nyumbani walikuwa watatu, mama, mtoto na bibi.

Siku ya kipimo cha mwaka wa pili watoto walijaa mpaka ngazini. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kutoka saa tisa, kwa sababu binti yangu alikuwa na kikao cha wazazi shuleni na nilikuwa nimeshakosa viwili. Chiriku aliingia saa nane na nusu. Hakuwa Chiriku ninayemjua. Alikuwa analia tangu mlangoni, anajikunyata, anaficha uso kwenye kanga ya mama yake.

"Ana nini leo?" nikauliza.

"Sijui, Sista. Kajikwaa pale kwenye ngazi, tangu hapo analia tu," mama akasema. "Siku hizi anajikwaajikwaa. Tena nilitaka nikuulize. Huyu ndiye anayetuwekea uzi kwenye sindano, mimi na bibi yake. Alikuwa hodari, mara moja tu umeshapita. Sasa anakosa. Anachoma pembeni, anachoma pembeni, mpaka anaitupa."

Nilikuwa nimeshashika kope za mtoto. Nikapima jicho la kulia. Thelathini na moja. Nikapima tena, ishirini na tisa. Mara ya tatu, thelathini. Jicho la kushoto lilikuwa ishirini na tatu.

Nikatazama saa ya ukutani. Nikatazama foleni kupitia upenyo wa pazia. Kusubiri nusu saa maana yake kikao cha shule kinanipita. Kuandika "haikupimika" maana yake sifuri yangu imekufa. Nikajiambia: mtoto analia, na kilio kinapandisha presha, kila mtu anajua. Mara iliyopita alikuwa kumi na nane. Toa kumi ya kilio. Nikaandika ishirini jicho la kulia; la kushoto nikalitolea tano tu, nikaandika kumi na nane.

"Iko sawa?" mama akauliza.

"Iko sawa kabisa. Macho yake yamefaulu."

"Na ile sindano?"

Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa sindano. Nikamwambia, huku nikiita jina la mtoto anayefuata, "Watoto wakikua wanakuwa wazembe, mama. Ameshachoka kutumwa huyo. Mkazanie tu."

Kikaoni shuleni niliwahi. Mwalimu alimsifu binti yangu kwa usomaji. Nilirudi nyumbani na furaha.

Miezi sita ikapita. Waliporudi, Chiriku hakuulizia mbu. Aliingia ameshika kanga ya mama yake kwa mikono miwili, anatanguliza mguu mmoja kama mtu anayeingia mtoni. Nikapima presha ya jicho la kulia, nikapata thelathini na nane, naye ametulia tuli. Nikapima tena, nikapata vilevile. Nikatoka mbio kumwita daktari wetu, kijana mmoja tuliyezoea kumwita Daktari Mrefu kwa sababu alikuwa anainama kwenye kila mlango.

Daktari Mrefu alimkalisha, akamziba jicho la kushoto kwa kiganja, akanyoosha vidole viwili mbele ya jicho la kulia.

"Vidole vingapi hivi, rafiki yangu?"

Chiriku akageuza uso huku na huku, anatafuta. Kisha akasema kwa upole, kama anayemsaidia mtu mzima aliyesahau kitu, "Washa taa kwanza."

Taa ilikuwa inawaka.

Daktari akachungulia ndani ya jicho kwa muda mrefu. Aliponyanyuka alimwambia mama ukweli, bila kuuzungusha: neva ya jicho la kulia imekufa, hairudi. La kushoto limeanza kuumia lakini linaweza kuokolewa, apasuliwe upesi. Mama alisikiliza, mikono imeshika futi yake pande zote mbili. Alipoinuka alinigeukia mimi.

"Mungu akulipe, Sista. Umekuwa nasi tangu mwanzo. Wewe umefanya yako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamjibu nini? Nikamjibu, "Pole, mama." Basi, hilo tu.

Ningekuwa mtu mwema ningesema siku ileile. Sikusema. Nilikwenda stoo, nikajifungia, nikakaa juu ya marobota ya mashuka, nikiitafuta sababu. Presha ingeweza kupanda baada ya siku ile. Labda kweli kilikuwa kilio. Kila sababu niliyoishika ilinitoka mkononi kama sabuni. Mtoto aliyejikwaa ngazini, aliyekosa tundu la sindano, alikuwa ameshaanza kupoteza jicho siku ile ile niliyoandika ishirini.

Jumamosi nilimweleza dada yangu mkubwa, tukiwa tunaanika nguo uani kwake. Yeye hana mambo mengi. Akabana kibanio, akasema, "Wewe mdogo wangu, jicho limeshakufa. Ukisema litafufuka? Funika kombe mwanaharamu apite. Una mtoto wa kusomesha."

"Roho inanisuta, dada."

"Itazoea. Roho ngapi zinasutwa na watu wanakula na kulala?"

Na pengine ningemsikiliza. Ninaona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kilichonizuia kilitokea Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao cha utafiti.

Profesa alisimama mbele yetu na karatasi ya Chiriku. Uso wake ulikuwa na huzuni, ila na kitu kingine pia, ile hamu ya mtu wa sayansi aliyeona jambo jipya. "Tazameni," alisema. "Jicho hili lilikuwa kumi na nane. Halafu ishirini. Miezi sita baadaye, thelathini na nane, na neva imekwisha. Yaani limeporomoka kwa ghafla. Njia mpya inaonekana kushika vizuri miaka miwili, kisha inaachia bila onyo. Nimeanza kuandika barua kwa vituo vingine wasimamishe kuitumia mpaka tuelewe."

Daktari Mrefu akapinga. Alisema njia mpya ndiyo pekee inayowezekana kwenye hospitali ndogo zisizo na darubini kubwa za upasuaji, na ikisimamishwa kuna watoto watakaokosa upasuaji kabisa. Profesa akamjibu kwamba namba ni namba. "Na hizi amezipima Sista," akaongeza, "si mtu wa kubahatisha."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilidhani nimedanganya karatasi moja. Kumbe ile ishirini ilikuwa imeinuka, imevaa viatu, inakwenda hospitali nisizozijua kuwafungia mlango watoto nisiowajua.

Kikao kilipokwisha nilimfuata Profesa ofisini. Alikuwa anamwagilia ua lake dirishani.

"Profesa, ile ishirini si ya kweli."

"Ishirini ipi?"

"Ya Chiriku. Jicho la kulia. Na ile kumi na nane ya kushoto."

Akaweka chupa ya maji chini. "Ilikuwa ngapi?"

"Thelathini. Na la kushoto ishirini na tatu. Alikuwa analia, sikutaka kusubiri. Nikatoa kumi ya kilio."

Nilitegemea apige kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo tu, "Nani alikwambia kilio kina kumi?"

Machozi yakanitoka, nikayafuta haraka kwa mkono, maana niliona sina haki nayo.

"Mara ngapi umefanya hivi?"

"Mara moja. Naapa, Profesa. Mara moja tu."

Nami niliamini ninachosema. Lakini kile kifaa kilikuwa na kumbukumbu yake. Kila jioni nilipokiweka kwenye chaja yake, kilimimina namba zote za siku kwenye kompyuta, na hakuna aliyewahi kuzifungua, kwa sababu nani angemkagua mwenye mkono wa asali? Daktari Mrefu alikaa siku mbili akilinganisha namba za kifaa na namba za fomu zangu, moja baada ya moja. Akaniita, akanionyesha orodha. Hakunikaripia. Aligeuza kioo cha kompyuta kuelekea kwangu, akatoka, akaniacha peke yangu.

Walikuwa watoto wanane.

Mimi nilikumbuka mmoja. Wale saba niliwasoma kama nasoma kazi ya mtu mwingine. Huyu alikuwa ishirini na nne, nimeandika ishirini na moja. Huyu ishirini na sita, nimeandika kumi na tisa. Tarehe zote ni siku za foleni ndefu. Nikajaribu kuwakumbuka kwa nyuso, nikapata mmoja tu, kichanga aliyekuwa na kofia ya sufu. Mpaka leo hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengine: kwamba nilifanya mara saba nyingine na roho haikunisuta hata mara moja, kwa kuwa hakuna aliyepofuka mbele yangu.

Wote saba waliitwa upya wiki ileile. Aliwapima muuguzi mwingine, na daktari akisoma namba pamoja naye. Wanne walikutwa salama. Wawili wakaanzishiwa dawa ya matone. Yule wa kofia ya sufu alipelekwa kupasuliwa siku ya tatu, na daktari alisema wangechelewa kidogo angepoteza jicho. Profesa alichana ile barua yake. Mimi niliondolewa kwenye chumba cha kupimia, nikapewa onyo la maandishi na kamati ya hospitali, nikaambiwa nisubiri hatima yangu.

Kamati iliandika barua rasmi kwa familia ya Chiriku. Niliomba niipeleke mwenyewe, na Daktari Mrefu akakubali kwenda nami, ili maswali ya tiba yajibiwe na anayeyajua.

Tulimkuta mama barazani, mbele ya cherehani, anashona sare za shule. Bibi alikuwa amelala ndani. Chiriku alikuwa uani na watoto wa jirani, tulimsikia anawagawia majukumu kwenye mchezo. Jicho la kushoto lilikuwa bado na kiziba chenye vitundu cha kulikinga baada ya upasuaji, lakini mdomo ulikuwa umerudi.

Nilimwambia yote. Thelathini, ishirini, saa ya ukutani, kikao cha shule. Mguu wake ulikuwa juu ya pedali ya cherehani, nao haukusogea muda wote nilipokuwa naongea. Nilipomaliza, Daktari akaanza kueleza habari za barua, naye akamnyamazisha kwa kiganja.

"Nilikwambia sindano," akasema.

"Ulinambia, mama."

"Nilijua. Mimi mama yake nilijua kuna kitu. Nikaacha kujua kwa sababu wewe ulisema." Akaiokota nguo iliyomwangukia, akaikunja, akaikunjua. "Unajua ulinambia neno gani? Uzembe. Ukasema nimkazanie. Nikamkazania, Sista. Kila akikosa tundu nilimfokea. Siku moja alimwaga kopo zima la vifungo, nikampiga kibao. Nikamwambia, uzembe tu umekujaa. Mtoto akapapasa chini, anaokota vifungo kwa mkono, analia, anasema mama nisamehe."

Daktari Mrefu akatazama pembeni. Mimi sikuweza kutazama popote.

"Umekuja nikusamehe?"

"Hapana, mama. Nimekuja ujue kwamba hukukosea."

"Vizuri. Maana sijakusamehe." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Hiyo barua iacheni hapo. Nitamwita kaka yangu aje anisomee vizuri. Tukitaka kwenda mbele kudai haki yetu, tutakwenda."

"Ni haki yenu," Daktari akasema.

Tulipokuwa tunaondoka Chiriku aliikimbilia sauti yangu, kichwa kimeinama upande. "Sista! Umekuja bila mbu?" Nikamwambia mbu amebaki hospitali, sasa ana mtu mwingine wa kumlisha. Akataka kujua ni nani, ana miaka mingapi, na kama anajua kuimba. Nilijibu nilichoweza. Mama yake akamwita, akaenda.

Kaka wa mama alikuja, wakaenda mbele, na hospitali ikakubali kuwa kosa lilikuwa letu. Chiriku atatibiwa bure mpaka awe mtu mzima. Mimi sikufukuzwa, ingawa mwaka mzima nilisubiri kufukuzwa, na siku nyingine nilitamani. Profesa alichapisha matokeo ya utafiti yakiwa na ukurasa unaoeleza wazi kwamba namba za watoto wanane zilipunguzwa na mpimaji, na zilivyorekebishwa. Njia mpya haikuwa na maporomoko yoyote ya ghafla. Inapoanza kushindwa, inashindwa polepole kama njia ya zamani, na mtu akiangalia anaona.

Fomu nayo ilibadilika. Sasa kila kipimo kinasomwa na watu wawili kwa sauti, na kabla ya kipimo mzazi anaulizwa nini kimebadilika nyumbani, na maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema. Kazi hiyo ya kuuliza na kuandika ndiyo niliyopewa mimi, kwenye meza ndogo ya koridoni. Sikuichagua. Wapo wanaosema Profesa alinihurumia, wapo wanaosema alinikomoa. Akina mama wananiambia mtoto anakaa karibu na ubao, mtoto anaziba jicho moja akila, mtoto haogopi tena jua. Naandika.

Mama Chiriku akija hasimami kwenye meza yangu. Hupita moja kwa moja, na maelezo yake huyachukua Daktari Mrefu. Ni haki yake, wala hakuna anayemsemesha kuhusu hilo. Siku ya kipimo cha mwaka wa tatu walikaa ndani muda mrefu. Nilisikia sauti mbili zikisoma namba lakini mlango ulikuwa mzito, sikuzipata. Nikawa naandika maelezo ya baba mmoja, na kalamu imekwama kwenye neno lilelile.

Mlango ukafunguliwa. Chiriku akatoka mbele, anaongea, miwani mipya imemkalia kombo puani. Mama akafuata. Alipofika usawa wa meza yangu alipunguza mwendo. Hakunisalimu, na hakugeuza uso.

"La kushoto kumi na nne," akasema, akapita.

Baba wa watu akanisubiri. Nikamwomba radhi, nikamwambia arudie alichokuwa anasema, tangu mwanzo.